Pua ya Dhanmati

Shemeji yangu Dhanmati hakuwa mrembo, wala hakuwahi kudai hivyo. Alikuwa na pua. Kwa kuitazama ilikuwa pua ndogo tu, imetobolewa pande zote mbili na kutiwa vipini kama wanawake wote wa kwetu. Lakini angesimama mlangoni kwangu asubuhi, avute hewa mara moja, aseme, "Trilochan, jana ulipitia kwenye pombe ya mahua, kisha ukatafuna kitunguu ili unifiche, na kitunguu chenyewe kilikuwa kimeoza." Mke wangu Tulasi alikuwa akicheka hadi ashike ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sisi ni Wamirgan wa upande wa Kotpad. Wanaume hufuma, wanawake hutia rangi. Sifa zote huenda kwa mfumaji, na mimi sikuwahi kuzikataa. Wageni wakija kutoka mjini na kamera zao, hunikuta nimekaa kwenye kitanda cha kufumia, miguu shimoni, wananiambia nitabasamu. Kisha hupita uani alipo Dhanmati, mikono imezama hadi viwikoni kwenye samadi ya ng'ombe na mafuta ya mbarika, wakaziba pua kwa leso na kukaza mwendo. Hakuna aliyewahi kumwambia atabasamu. Na bila lile beseni lake, ninachofuma mimi ni shuka tu.

Aliolewa na kaka yangu Nilambar akiwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na tisa. Mama yetu alikuwa mwanamke mgumu, na kazi ya kutia rangi aliifundisha kwa ulimi, yaani ulimi wa mwanafunzi. Maji ya jivu lazima yaonjwe. Yakiwa mepesi, mafuta hayashikani na uzi; yakiwa makali, uzi unaoza ukiwa bado haujavaliwa. Kwa hiyo unachovya kidole, unaramba, na ulimi unatakiwa uchomwe kidogo usiungue. Mwaka wa kwanza ulimi wa Dhanmati ulijaa vidonda, akawa anakunywa uji wa ulezi uliopoa peke yake. Siku moja akamwambia mama, "Mama, ningejua ulimi wangu ndio mnaoutaka, ningewaletea huo tu, mimi mwenyewe nikabaki nyumbani." Mama akamchapa kwa mwiko, halafu akageuka nyuma ya mlango ili asionekane anacheka.

Rangi yetu nyekundu, ile nzito inayokaribia damu iliyokauka, hutoka kwenye mizizi ya mti wa aal. Mizizi haichimbwi ovyo. Mti ambao haujatimiza mvua tatu hauguswi. Mti mkubwa unachimbwa upande wa mashariki peke yake, udongo unarudishwa, unakanyagwa, unamwagiwa mtungi mmoja wa maji, na upande wa magharibi unasubiri mvua nne nyingine. Dhanmati aliijua miti yake mmoja mmoja, kila mmoja na jina. Kulikuwa na Mjane, na Kipofu, na mmoja mgumu wa kuchimba, mizizi imejipinda chini ya mawe, alioupa jina la mama yetu. Alianza kuuita hivyo mama akiwa bado hai.

Baada ya mizizi kuna siku ishirini za kazi ambayo sitaki kuisimulia yote, maana hata kuitaja inachosha mgongo. Uzi unalowekwa kwenye samadi, unakandwa kwa mafuta na maji ya jivu, unaanikwa, unarudishwa tena, kila siku. Mwisho unafuliwa mtoni, unachemshwa na mizizi iliyotwangwa, unaanikwa, unachemshwa tena. Maji yanayobaki Dhanmati huyamwaga kwenye mabiringanya yake, na mabiringanya hunenepa. Na kila kitita cha uzi, kabla hakijaja kwangu, lazima kipite puani kwake. Angefumba macho, avute. "Mafuta bado. Siku tatu." Au, "Peleka." Hakuna aliyebishana naye. Nguo ikitoka kwetu, haichuji. Watu huzikwa nazo zikiwa na rangi ileile waliyoolewa nayo.

Kaka alifariki, nami nikahamia kwenye kitanda chake cha kufumia, kwa kuwa kilikuwa kizuri kuliko changu. Mtoto wa Dhanmati akaenda mjini Vizag kujenga maghorofa ya watu, akamwacha mkewe Subarna hapa kwa Dhanmati. Halafu ukaja ule ugonjwa wa homa na kikohozi uliopita kila nyumba. Dhanmati alilala majuma mawili. Akainuka amekonda, akarudi kwenye beseni, na mimi nikasema tumshukuru Mungu, nikaendelea kufuma. Sikuona kitu. Nilikuwa nakaa hatua kumi kutoka kwake kila siku na sikuona kitu.

Katika miaka hiyohiyo mjini waligundua mizizi. Sijui nani aliwaambia. Ghafla kila duka likataka rangi isiyoumiza dunia, na mtu mmoja mwenye pikipiki akaanza kuzunguka vijijini akinunua mizizi ya aal kwa magunia. Hakuuliza imechimbwa upande gani. Vijana wakachimba mashariki, wakachimba magharibi, wakachimba na katikati. Kilipofika kiangazi kile, miti yote ya kandokando ya kijito ilikuwa imesimama mikavu. Mjane alikuwa ameanguka. Nilikwenda na Dhanmati siku ile. Kaka alipokufa hakulia mbele za watu, lakini pale alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti, na mimi nikasimama na jembe langu kama mjinga. Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mtu wa pikipiki haijaisha hadi leo.

Iliyobaki ilikuwa miti sita nyuma ya shamba letu, na zamu yake ya mashariki ilikuwa imeshachimbwa mwaka uliotangulia; ule wenye jina la mama, uliookolewa na mawe yake kijiji cha pili, nao zamu yake ilikuwa haijafika.

"Tuchimbe magharibi," nikamwambia. "Mara moja tu. Wenzetu wamechimba yote."

"Wenzetu wamechimba yote, ndiyo maana tunazungumza habari ya miti sita," akajibu. "Tutatumia mizizi iliyoko ghalani. Ikiisha, imeisha."

Hapo ndipo alipokuja Mangli.

Mangli ni Mbhatra, wa kabila jirani, mwanamke mnene mwenye chale za wino mikononi na sauti inayotangulia kufika kabla yake. Bibi yake alinunua nguo ya harusi kwa bibi yetu, mama yake kwa mama yetu, naye kwetu. Alikuja baada ya mavuno na kapu la ulezi na kuku mmoja, kama ilivyo desturi, kuagiza nguo ya binti yake wa mwisho, Phulo. Dhiraa kumi na sita, taraza nyekundu, na mwisho wa nguo uliofumwa picha za kaa na samaki. Harusi ilikuwa mwezi wa Chaitra, kiangazi kinapoanza.

Nguo hiyo si ya mchezo. Kwao bibi harusi huvishwa nguo mpya, akasimamishwa uani, akamwagiwa maji ya manjano mbele ya ukoo wa pande zote mbili. Mashangazi wa bwana harusi hawamtazami bibi harusi, wanatazama chini. Maji yakianguka ya njano, ngoma inaendelea. Yakianguka mekundu, wanaanza kuimba nyimbo za kejeli ambazo binti huyo atazisikia hadi awe bibi, na nguo inarudishwa kutupwa mlangoni kwa aliyeitia rangi. Nimeona hilo mara moja tu, kwa jirani yetu. Sasa anauza viazi.

Uzi ukapungua. Vilikosekana vitita viwili tu, vya mwisho wa nguo. Mizizi ghalani ilikuwa imekwisha.

"Basi fuma mwisho mfupi," Dhanmati akasema. "Kaa wanne badala ya wanane. Mangli ataelewa."

Kaa wanne! Ningependa kusema kwamba nilifanya nilichofanya kwa ajili ya familia, au kwa hofu ya kumpoteza mteja. Ukweli ni kwamba mimi ndiye mfumaji anayejulikana kwa kaa wanane, wawili wawili wakitazamana, na sikutaka mtu asimame kwenye harusi ya Mangli aseme Trilochan siku hizi mkono wake umelegea. Nikapanda basi hadi Jeypore, nikanunua vitita viwili vya uzi mwekundu wa dukani. Rangi ilikaribia sana ya kwetu. Muuzaji akaapa haichuji. Nikaupaka mafuta ya mbarika, nikauning'iniza juu ya moshi wa jiko siku tatu, kisha nikampelekea Dhanmati na uongo wangu mkononi.

"Nimeupata kwenye sanduku la mama," nikasema. "Lazima ni uzi aliouacha yeye."

Moshi na mafuta havikuwa vimefanya lolote. Hata mimi, ambaye pua yangu nimeiharibu kwa ugoro, nilikuwa nasikia ile harufu ya dawa ya dukani ikipanda. Nilikwisha kuandaa maneno ya kujitetea.

Dhanmati akachukua kitita, akafumba macho, akavuta hewa. Akavuta tena, polepole.

"Ni kazi ya mama," akasema. "Hapa hakuna wa kukosea. Peleka."

Kwanza nilifurahi. Nilifika mlangoni nikiwa bado na furaha. Halafu nikasimama, kitita bado mkononi, nikajiuliza pua ile imekoseaje.

Siku iliyofuata mchana nikafanya jambo ambalo sijalifanya kabla wala baada. Nilikunywa mahua kwa makusudi, bila hamu, kama mtu anayekunywa dawa. Sikutafuna kitunguu. Nikaenda kukaa karibu na Dhanmati uani, karibu kabisa, nikampumulia. Alikuwa anachambua mchele.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Mwambie Tulasi akupe chakula basi. Umekaa tu."

Ndivyo nilivyojua. Na nikishajua, mambo yote yakaja mbio. Mboga zilizojaa chumvi. Maziwa yaliyoungua mbele yake naye ameketi papo hapo. Na Subarna: tangu ule ugonjwa, kila mara beseni lilipokuwa tayari, Dhanmati alikuwa akimwita mkwewe, "Njoo unuse uzi, uniambie unasikia nini, lazima ujifunze." "Njoo uonje maji ya jivu, lazima ujifunze." Sote tulisema mama mkwe gani huyu mwenye subira hivi! Sasa Subarna alikuwa ameenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na nyumba yetu ilikuwa imebaki bila pua hata moja.

Tazama nilivyojifunga. Nikisema Dhanmati hasikii harufu, wataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, nguo itaenda kusimama chini ya maji ya manjano. Nikanyamaza. Nikafuma siku kumi na moja, uzi wetu wote uliobaki nikaumalizia kwenye taraza, nikafika kwenye mwisho wa nguo, nikafuma kaa wanane kwa uzi wa Jeypore, wawili wawili wakitazamana, na sijawahi kufuma kaa wazuri vile. Kila nilipopitisha uzi niliwaona wale mashangazi wanatazama chini.

Zikiwa zimebaki siku tisa kufika harusi, Mangli akatuma salamu kwamba kesho kutwa anakuja kuitazama nguo kabla haijakatwa kitandani. Asubuhi ile nilishindwa kula. Nikamwita Dhanmati.

"Shemeji, njoo unuse hapa."

Akainama juu ya nguo, akanusa. "Safi."

"Huo ni uzi wa dukani," nikasema. "Nimeununua Jeypore. Hakuna sanduku la mama lililokuwa na kitu."

Alitoka, akarudi na maji ya jivu kwenye kifuu, akachovya kidole, akasugua kaa wa kwanza. Akakitazama kidole. Kilikuwa chekundu kama cha mtu aliyetafuna tambuu. Akasugua kaa wa pili. Akakaa chini ukingoni mwa shimo, miguu yake karibu na yangu.

"Tangu lini umejua habari ya pua yangu?"

"Tangu siku niliyokuletea uzi."

"Siku kumi na ngapi?"

"Kumi na moja za kufuma."

"Na ukanyamaza."

"Wewe umenyamaza miaka miwili," nikasema. Nilisema kwa ukali, maana niliona aibu, na mtu mwenye aibu hubweka.

Nilidhani atanipiga na kile kifuu. Badala yake akakifuta kidole kwenye sari yake, pakaingia doa.

"Nilipoinuka kitandani nilidhani dunia imefuliwa," akasema. "Samadi hainuki. Mchele hauna ladha. Nikasema itarudi kesho. Kila siku nikasema kesho. Halafu nikaogopa. Mtia rangi asiye na pua ni nani, Trilochan? Ni mfua nguo tu. Niliona bora nimfundishe Subarna kimyakimya, na siku akijua, nitasema nimezeeka, nakaa pembeni."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ndiye niliyekuwa hicho kifo.

"Tuseme panya wameula uzi," nikamwambia. "Mangli atapata nguo fupi, wala hatajua mengine."

"Panya!" akasema. "Panya yuko hapa, amekaa kwenye kitanda cha kaka yake. Kesho kutwa nitamwambia Mangli kila kitu, na wewe utakaa hapohapo usikie."

Mangli akaja, sauti kwanza. Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya maneno, lakini Dhanmati alimketisha kwenye mkeka akaanza kusema kabla hata mtungi haujaletwa. Alisema habari ya mizizi, na ya pua yake, na ya uzi wangu. Hakupunguza wala hakuongeza. Kisha akachukua maji ya jivu, akasugua kaa mbele yake, akamwonyesha kidole.

Mangli akakitazama kidole kile. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unatuibia maembe. Nikasema atakua aache. Kumbe umekua ukapanda cheo."

"Nimekosa, mama."

"Nyamaza. Binti yangu asimame uani atiririke mwekundu kama mbuzi aliyechinjwa? Mbele ya wale mashangazi? Wewe unawajua wale mashangazi?" Akamgeukia Dhanmati. "Na wewe! Miaka miwili huna pua na unauza!"

"Za miaka miwili zote zilipita kwa Subarna," Dhanmati akasema. "Uzi huu wa mwisho peke yake ndio uliopita kwangu. Harusi imebakiza siku saba. Siwezi kutia rangi kwa siku saba, na mizizi sina. Trilochan ataifumua sehemu hii. Unaweza kuchukua nguo isiyo na mwisho, au uende kwa mwingine, na kuku wako nitakurudishia. Sitakulaumu."

Vizazi vitatu, jamani. Mangli akisimama akaondoka, kufika gulio la Alhamisi kila mtu atajua, na hapo ndipo jina la Dhanmati lingezikwa. Mangli alijua hivyo. Alisimama. Akaondoka. Hakuaga.

Nilifumua kaa wangu wanane jioni ile, uzi mmoja mmoja.

Asubuhi Mangli akarudi. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye majani ya mwarobaini. Akakifungua juu ya mkeka. Ilikuwa nguo yake mwenyewe ya harusi, ya miaka thelathini na mitano, ile aliyokuwa amejiwekea afunikwe nayo siku yake. Nyeupe yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyekundu yake ilikuwa ileile.

"Uzi si uzi?" akasema. "Fumueni mwisho wa hii, mfume kwenye ya mtoto."

"Mangli," Dhanmati akasema, "hii ni ya siku yako ya kuondoka."

"Chukueni mwisho tu. Nikifa watanifunika na iliyobaki. Miguu yangu haijawahi kusikia baridi."

Dhanmati akaitambua. Ilikuwa moja ya nguo za mwaka wake wa kwanza, mwaka wa ulimi wenye vidonda. Akaiinua, na kwa mazoea tu akaipeleka puani, akafumba macho. Sote tulimwona. Akabaki hivyo, na uso wake ukaanza kukunjamana, na mimi moyo ukaniuma kuliko siku ya msiba wa kaka. Halafu akafumbua macho, akaninyoshea mimi ile nguo.

"Nusa."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine? Subarna hayupo. Umeitumia pua yangu bila ruhusa, sasa nami natumia yako. Inanuka nini?"

Nikanusa. "Moshi," nikasema. "Mwarobaini. Mpunga."

"Chini ya hapo."

Nikavuta tena. Na kweli, chini kabisa ilikuwepo, ile harufu ya mafuta ya mbarika, ya uani kwetu nikiwa na miaka tisa, mama akiwa hai na mwiko wake, na kaka anapiga mluzi kwenye kitanda hikihiki. Nikalia. Mwanaume mzima na masharubu yangu, mbele ya mteja.

"Mafuta," nikasema. "Yapo."

"Na jivu?"

Nikauvuta uzi mmoja wa ukingoni kwa kucha. Ukakatika kirahisi kuliko ulivyopaswa. Ningeweza kusema jivu lilikuwa sawasawa. Ndilo jibu ambalo kila mtu angependa kulisikia.

"Jivu lilizidi kidogo, shemeji."

Dhanmati akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Lilizidi! Mama alinichapa kwa hilo. Nilidhani nimelificha kwa wengine wote."

"Kwa hiyo mliniuzia nguo yenye kasoro tangu mwanzo," Mangli akasema. "Leteni maji sasa. Nimekaa hapa siku mbili na kiu."

Niliufumua ule uzi wa zamani kwa mikono miwili kana kwamba ni nywele za mtoto. Ulikatika hapa na pale, nikaufunga mafundo madogo, nikaufuma kama mshindio, uzi wa kupita kwa upana, kwenye nguo ya Phulo. Ulitosha kaa wanne. Hakuna mtu aliyenisifu, na nilistahili hivyo. Uzi wa Jeypore Dhanmati aliusokota kamba, akaifunga kwenye nguzo iliyo mbele ya macho yangu ninapofuma. Bado ipo. Jua limeshaila, sasa ni ya waridi.

Siku ya harusi tulikwenda sote wawili. Phulo akasimamishwa. Mashangazi wakajipanga wanatazama chini, wanne, midomo imeshakaa tayari kuimba. Mtungi wa kwanza ukamwagwa, wa pili, wa tatu. Nilishindwa kutazama, nikamtazama Dhanmati. Yeye alikuwa anatazama ardhi bila kupepesa, amenishika kiwiko kwa kucha zake. Kisha kucha zikalegea. Maji yalikuwa ya njano. Ngoma ikaendelea, na Mangli akacheza na mwili wake wote hadi vumbi likatufikia.

Mangli hakunyamaza, msidhani. Kwenye gulio alisimulia yote, pua na uzi na maembe. Wateja wengine wawili hawakurudi. Waliobaki huja na sharti: uzi wao lazima uletwe mbele yao, nami ninuse wakiona. Wageni wa kamera nao hunikuta nikifanya hivyo, wakauliza ni ibada gani. Pombe nimeacha, na ugoro pia. Si uchaji wa Mungu. Pua hii nimemwazima Dhanmati, naye anaidai kila siku. Subarna amerudi na mtoto wa kike, lakini Dhanmati anasema Subarna anajifunza, mimi natumikia kifungo.

Mwaka huu miti sita ile bado inasubiri upande wake wa magharibi, na tumepanda mingine arobaini ambayo mimi huenda nisiichimbe. Mizizi tuliyoipata ilikuwa kidogo, kutoka kwenye mti ule wenye jina la mama, kijiji cha pili, ambao zamu yake ilifika. Uzi wake ulikuwa wa kwanza wa msimu. Kitanda changu kilikuwa kitupu tangu mvua, mikono inaniwasha. Dhanmati akaniletea kitita cha kwanza mlangoni, akakinyanyua mbele ya uso wangu.

Nikanusa. Nilitamani sana kufuma.

"Mafuta bado," nikasema. "Siku nne."

"Nilijua," akasema, na tayari alikuwa amegeuka kurudi kwenye beseni.

"Umejuaje nawe?"

"Ulikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema uzi umeiva."